Matokeo ya fomu foo yakitoka, soma herufi kwanza, divisheni baadae

Wazazi wenzangu wa Mtwara na Lindi, kila mwaka mwezi wa kwanza matokeo ya fomu foo yakitoka huku kwetu Masasi simu zinapigwa kutwa nzima na swali ni moja tu, kapata divisheni ngapi. Ikitajwa 1 watu wanapiga vigelegele, ikitajwa 4 nyumba inanyamaza, baba anatoka zake kwenda kijiweni, mtoto anajifungia ndani hata chakula hataki. Mimi nimesomesha wadogo zangu wawili na sasa niko na mtoto wa dada yangu, na nimeona kwa macho yangu mtoto wa divisheni 4 akivaa sare ya chuo cha afya wakati wa divisheni 3 yuko nyumbani mwaka mzima hajui aende wapi, kwasababu hakuna aliyekaa nae kuyasoma yale matokeo vizuri.

Kwaiyo tuanze na kuyaona. Yanawekwa kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani, necta.go.tz, unachagua CSEE, ndo mtihani wa fomu foo, mwaka, halafu jina la shule au namba ya shule ile inayoanza na S. Kama mtoto alifanya kama mtahiniwa wa kujitegemea namba yake inaanza na P. Simu ndogo nayo inafaa, unapiga *152*00# unafuata menyu ya elimu. Ukienda steshenari waprinti ukurasa wote wa shule, msikariri kichwani, maana siku ya kwanza kila mtu anasoma haraka haraka na kukosea mstari.

Sasa ule mstari. Kuna namba ya mtahiniwa, jinsia, halafu AGGT, hiyo ni jumla ya pointi, halafu DIV, halafu masomo na herufi zake. A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, F ni 5. Wanachukua masomo saba aliyofanya vizuri zaidi wanajumlisha, kwaiyo pointi zikiwa chache ndo vizuri. 7 mpaka 17 ni divisheni 1, 18 mpaka 21 ni 2, 22 mpaka 25 ni 3, 26 mpaka 33 ni 4, na 34 au 35 ni ziro. A inaanzia alama 75, B 65, C 45, D 30, chini ya hapo F. Ukikuta ABS maana yake mtoto hakuonekana kwenye mtihani, INC matokeo hayajakamilika, hapo usikae unasubiri, nenda kwa mkuu wa shule kesho yake asubuhi.

Haya, chukua karatasi tufanye mfano. Mtoto ana CIV D, HIST C, GEO D, KISW C, ENGL D, PHY F, CHEM D, BIO D, B/MATH F. Saba bora ni C mbili na D tano, 6 jumlisha 20 ni 26, divisheni 4. Mtaani watasema kafeli. Lakini huyu ana ufaulu wa masomo saba! Vyuo vingi ngazi ya cheti wanataka D nne tu, na D hizo zisiwe za masomo ya dini. Hapa naomba wenzangu tuwe makini sana maana huku kusini watoto wetu wengi wanafanya Elimu ya Dini ya Kiislamu, na wapo wanaofanya Bible Knowledge, somo linamsaidia kwenye divisheni lakini ukihesabu sifa za chuo unalitoa. Nimeona mzazi kajaza fomu akijua mtoto ana D nne kumbe ukitoa dini zinabaki tatu.

Na upande wa pili, mtoto mwenye B mbili na D tano ana pointi 24, hiyo ni divisheni 3, mnafurahi, mnachinja kuku. Ila fomu faivu inataka C tatu au zaidi na yeye anazo herufi mbili tu zilizofika C. Haendi fomu faivu na hiyo divisheni 3 yake. Ndo maana nasema hesabu C kwanza kabla ya kumpigia mjomba wa Dar.

Na C tatu peke yake hazitoshi, lazima awe na kombi, yaani masomo matatu atakayosoma fomu faivu na siksi. Kuna PCB (Fizikia, Kemia, Baolojia), PCM, CBG, EGM, HGL (Historia, Jiografia, Kingereza), HGK, HKL na nyingine, na tangu 2024 serikali imeongeza kombi nyingi sana kwaiyo msibaki na zile za zamani tulizosoma sisi. Masomo matatu ya kombi jumla ya pointi isizidi 10, na asiwe na F kwenye lolote kati ya hayo. Maana yake C C C ni 9 inakubali, C C D ni 10 inaweza kukubali kama ana C nyingine pembeni. Baada ya matokeo mtoto anaruhusiwa kuingia kwenye mfumo wa Selform wa TAMISEMI kubadilisha kombi na vyuo alivyochagua akiwa shuleni, na hii watu wengi wanaipuuzia. Alijaza PCB mwezi wa tano akiwa na ndoto, matokeo yamekuja Fizikia D Baolojia D Historia B Kiswahili B Kingereza C, halafu mnaacha vilevile. Ingieni mbadilishe, na mtoto mwenyewe akae hapo kwenye simu achague, maana ni yeye atakayesoma miaka miwili.

Kwa wale wenye D, msikimbilie kusema bahati hana. Afya: tabibu na uuguzi wanaangalia Kemia, Baolojia na Fizikia, angalau D kila moja, ndani ya zile D nne. Rudi kwenye mfano wetu, yule mtoto Kemia anayo, Baolojia anayo, kilichomkwamisha ni Fizikia peke yake. Huyu simpeleki popote kwa hasira, namwandikisha kurisiti, yaani kurudia mtihani wa Fizikia kama mtahiniwa wa kujitegemea, anatafutiwa mwalimu wa tuisheni, Novemba anafanya. Mdogo wangu alifanya hivohivo, somo moja, mwaka mmoja, leo ni muuguzi. Usajili wa kurisiti unaanza mwanzoni mwa mwaka na ukichelewa unalipa faini, kwaiyo maamuzi ni Januari hiyohiyo, sio mpaka shangazi arudi kutoka Liwale mjadiliane.

Huku kwetu vyuo vipo jamani, mtoto halazimiki kupanda basi la Dar. Biashara na uhasibu kuna TIA, Taasisi ya Uhasibu, kampasi ya Mtwara. Kilimo kuna MATI Mtwara, na ukifikiria korosho yetu, ufuta na utafiti unaofanyika pale Naliendele, mtoto mwenye D za sayansi akisoma kilimo mimi namuona ana kazi mkononi kuliko aliyelazimishwa HGL kwa sifa za ukoo. Ufundi kuna VETA Mtwara na VETA Lindi, umeme, uchomeleaji, magari, ushonaji, na ada za VETA ya serikali kozi ndefu zimekuwa 60,000 kutwa na 120,000 bweni kwa mwaka. Tena VETA hawakudai D nne. Halafu kuna vyuo vya maendeleo ya wananchi, Masasi, Newala, Mtawanya, Chilala, Kilwa Masoko, hivi vinapokea hata binti aliyekatisha shule akiwa na mtoto mgongoni, naomba mwenye binti kama huyo nyumbani aende akaulize wiki hii.

Na njia ya cheti haiishii kwenye cheti. Anaanza NTA level 4, hizo ni ngazi za masomo ya vyuo, anapanda 5, level 6 ni stashahada, na akitoka na GPA (wastani wa alama zake chuoni) ya 3.0 pamoja na zile D nne za fomu foo anaomba chuo kikuu. Miaka inazidi kidogo ya mwenzake wa fomu siksi lakini anafika akiwa na ujuzi na pengine ameshaanza kazi.

Mwenye ziro. Ziro ni F zote au D moja tu, na mtoto huyu anaumia kuliko nyie, msimseme mbele ya wageni. Mpeni kama wiki mbili halafu muulize yeye anataka nini, kurudia masomo yote au ufundi. Mimi binafsi kama F zilikuwa za kusoma kwa shida tangu msingi naona VETA, kama ni ugonjwa au msiba uliomvuruga mwaka wa mtihani, arisiti.

Kabla hujalipa shilingi popote angalia chuo kama kina usajili wa NACTVET, baraza linalosimamia vyuo hivi, tovuti yao ina orodha na kitabu cha mwongozo kinachoonyesha kila kozi inataka nini. Nalisema kwa uchungu maana sisi tulipoteza ada ya muhula mzima kwenye chuo kimoja, jengo zuri, bango kubwa, kumbe kozi yenyewe haikusajiliwa, hela haikurudi. Lipa kwa kontroo namba tu, au akaunti yenye jina la chuo, usimtumie mtu kwenye simu yake. Na anayepiga simu anasema anaweza kurekebisha matokeo NECTA ni tapeli, kata. Kama una shaka kweli na alama, kuna utaratibu wa kukata rufaa kupitia shule na una muda wake.

La mwisho ni hela, na hapa kalenda yetu ni tofauti na mikoa mingine. Minada ya korosho inaanza Oktoba, malipo yanaingia mpaka kwenye Desemba na Januari, matokeo yanakuja hela ikiwa bado ipo au imeshaenda kwenye bati na pikipiki. Fomu faivu wanaripoti Julai, wakati huku hakuna mwenye kitu. Ada ya fomu faivu na siksi serikali ilifuta tangu 2022 lakini fomu ya kujiunga inakuja na orodha yake, godoro, shuka, tranka, viatu, madaftari, na nauli kama kapangiwa Kagera. Sisi tunatenga ya mtoto siku ileile malipo ya korosho yanapoingia benki, kabla hatujafika nyumbani, na tranka tunanunua Januari.