Pwani na Bara Kusini mwa Ufaransa: Kupanga Ziara ya Siku Kumi na Mbili Ukitokea Nairobi

Bahari ya Mediterania imezungukwa na nchi zaidi ya ishirini, na kosa la kwanza la wapangaji wengi ni kutaka kuonja tano kati ya hizo kwa majuma mawili. Mwongozo huu unachukua kipande kimoja tu, kuanzia Menton kwenye mpaka wa Italia hadi Marseille, pamoja na bara iliyo nyuma yake mpaka mto Rhône. Sababu ya kukichagua ni kwamba pwani na bara zimekaribiana sana hapo, kiasi kwamba msafiri anaweza kuogelea asubuhi na jioni akalala katika kijiji cha milimani. Hesabu vitanda kabla ya kuhesabu vivutio, kwa kuwa kila unapohama hoteli unapoteza nusu siku ya kufunga mizigo, kusafiri na kusubiri chumba. Kwa siku kumi na mbili, vituo vinne vya kulala vinatosha: usiku nne Nice, mbili karibu na korongo la Verdon, tatu Avignon na mbili Marseille. Pwani utaizunguka kwa treni, bara kwa gari.

Msimu ndio unaoamua mambo mengine yote. Wakazi wengi wa Nairobi hutamani kuondoka Julai na Agosti, mawingu yanapolala juu ya jiji wiki nzima na masweta yakatoka kabatini. Huko kusini mwa Ufaransa miezi hiyo ndiyo kilele cha joto, ambalo mara nyingi huvuka nyuzi 30, na ndiyo likizo ya Wafaransa wenyewe. Kuanzia sikukuu yao ya taifa ya tarehe 14 Julai hadi baada ya tarehe 15 Agosti, barabara za pwani hujaa na vyumba hupanda bei. Asiyefungwa na kalenda ya shule achague Mei, nusu ya kwanza ya Juni, au Septemba, wakati bahari bado ina vuguvugu la kiangazi na umati umekwisha kurudi makazini. Anayetaka kuona mashamba ya lavenda ya Valensole hana hiari, kwa sababu maua hayo hushamiri kati ya katikati ya Juni na katikati ya Julai, kisha huvunwa. Mzazi mwenye watoto shuleni atafaa kuitazama likizo ya Aprili kabla ya ile ya Agosti: maji ya bahari yatakuwa baridi mno kwa kuogelea, lakini vijiji vitakuwa na utulivu na nyumba za kulala wageni zitakuwa na nafasi. Oktoba na Novemba huweza kuleta mvua za ghafla zenye mafuriko.

Kuna jambo moja linalomshangaza mtu aliyezoea jua la Nairobi, ambalo huzama karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima. Mwezi Juni jua la Nice huzama baada ya saa tatu usiku, na Desemba huzama karibu saa kumi na moja jioni. Siku ya Juni basi inabeba shughuli nyingi zaidi kuliko ya Desemba, na anayeswali apange mapema, kwa maana magharibi itamkuta mezani au njiani wakati ambao kwao ni usiku.

Viza ndiyo kazi inayohitaji subira. Raia wa Kenya anahitaji viza ya Schengen, yaani viza moja inayotumika katika nchi nyingi za Ulaya, Ufaransa na Italia zikiwemo, na maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari hadi siku kumi na tano kabla yake. Usingoje siku hizo za mwisho. Uamuzi kwa kawaida huchukua hadi siku kumi na tano, lakini sheria inaruhusu ufike siku arobaini na tano, na miadi ya kuwasilisha karatasi hapa Nairobi hugombaniwa likizo za Agosti na Desemba zinapokaribia. Ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na ya mtoto wa miaka sita hadi kumi na mmoja ni euro 45. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka kumi iliyopita, iwe na kurasa mbili tupu, na ibaki na uhai wa angalau miezi mitatu baada ya siku utakayotoka Ulaya. Bima ya safari igharamie matibabu ya kiasi kisichopungua euro 30,000. Ongeza barua ya mwajiri au hati za biashara yako, taarifa za benki, na mpango wa safari unaoonyesha utalala wapi kila usiku. Hapa ndipo ile hesabu ya vitanda inapokulipa, kwa kuwa afisa anayesoma faili hupenda kuona tarehe za hoteli zikifuatana bila pengo. Agiza vyumba vinavyoweza kufutwa bila malipo hadi viza itoke. Ukitaka kuongeza Italia, kumbuka kuwa maombi hupelekwa kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Kwa mpango huu, nchi hiyo ni Ufaransa.

Tikiti ya ndege inayofaa ni ile inayokuingiza kwa Nice na kukutoa kwa Marseille, ili usirudi ulikotoka. Unaweza kupitia Paris, Amsterdam au Istanbul. Ukipitia Paris au Amsterdam, ukaguzi wa pasipoti utafanyika huko huko kabla ya ndege ya pili, na tangu Oktoba 2025 Ulaya imekuwa ikiingiza mfumo mpya wa kielektroniki wa kuwaandikisha wageni mpakani, kwa hiyo acha angalau saa tatu kati ya ndege mbili. Wapo wanaopendelea kushuka Paris na kupanda treni ya kasi, TGV, inayofika Marseille kwa muda wa saa tatu na kitu. Kwenda Nice treni hiyo huchukua karibu saa sita, na kwa mtu aliyekesha angani sioni raha yake.

Nice ni kituo kizuri cha kwanza kwa sababu huhitaji gari kabisa. Tramu inatoka uwanja wa ndege hadi mjini na bandarini. Asubuhi ya kwanza, nenda soko la Cours Saleya lenye maua na mboga, kisha upande kilima cha Colline du Château uone ghuba yote na barabara ya Promenade des Anglais ikifuata maji kwa kilomita kama saba. Mji huu uliingia Ufaransa mwaka 1860 tu, na rangi za nyumba zake za zamani bado ni za Kiitaliano. Usitarajie mchanga wa Diani. Ufuo wa Nice ni wa mawe ya mviringo, hivyo beba viatu vya kuingilia majini. Onja socca, mkate mwembamba wa unga wa dengu, unga ule ule wa bajia, unaookwa kwenye sinia pana ndani ya tanuri la kuni.

Kutoka Nice, treni ya abiria ya pwani inakufikisha Monaco kwa muda usiotimia nusu saa, na ikiendelea inafika Menton, mji wa malimau, kisha Ventimiglia upande wa Italia. Monaco ina ukubwa wa kilomita mraba mbili hivi, na nusu siku inaitosha. Makumbusho ya Bahari, yaliyofunguliwa mwaka 1910 juu ya jabali, ndiyo yanayostahili muda wako kuliko kutazama magari ya matajiri. Upande wa magharibi treni hiyo hiyo inapita Antibes na Cannes. Kijiji cha Èze, kilichokaa zaidi ya mita 400 juu ya bahari, hufikiwa kwa basi, au kwa miguu kutoka stesheni iliyo ufuoni kupitia njia ya mawe yenye mwinuko mkali. Wenye magoti mabovu wapande kwa basi na washuke kwa basi. Beba pasipoti hata kwa safari fupi hizi, kwa kuwa polisi hukagua ndani ya treni karibu na mpaka.

Siku ya tano chukua gari, na si kabla ya hapo, maana kuegesha Nice ni adhabu. Leseni ya Kenya peke yake haitoshi, kwa kuwa haikuandikwa kwa Kifaransa. Pata leseni ya kimataifa kutoka AA Kenya kabla ya kuondoka. Kampuni za kukodi hudai kadi ya mkopo yenye jina la dereva ili kuzuia amana, na magari mengi ni ya gia za mkono, kwa hiyo aliyezoea gari linalojibadilishia gia aagize mapema. Wafaransa huendesha upande wa kulia, na usukani uko kushoto. Hatari haipo kwenye barabara kuu yenye wengine wa kuwafuata; ipo asubuhi ya pili, unapotoka kituo cha mafuta kijijini, barabara ni tupu, na mazoea ya Thika Road yanakuvuta kushoto. Kwenye barabara kuu mwendo wa juu ni kilomita 130 kwa saa, na 110 mvua ikinyesha.

Njiani kutoka pwani, pitia Grasse, mji wa manukato ambao ufundi wake uliingizwa na UNESCO mwaka 2018 katika orodha ya urithi usioshikika. Mkenya anayejua mashamba ya waridi ya Naivasha ataona tofauti hapo hapo, maana waridi letu hukuzwa kwa umbo na maisha marefu ndani ya chombo, ilhali la Grasse huvunwa kwa ajili ya harufu tu. Kisha endelea hadi Moustiers-Sainte-Marie, kijiji cha wafinyanzi kilichobanwa katikati ya majabali mawili. Korongo la Verdon linaishia jirani yake, lenye kina kinachofika mita 700 hivi mahali pengine, na maji yake ya kijani humwagika katika ziwa la Sainte-Croix, ambalo ni bwawa la umeme la miaka ya 1970. Siku yako nzima huko lizunguke korongo kwa gari ukisimama kwenye vituo vya kutazamia. Au kodi mtumbwi na uingie mdomoni mwa korongo kutoka ziwani. Mimi niliwahi kufika kijiji kimoja cha huko saa tisa kasoro robo mchana, na jikoni zote zilikuwa zimefungwa. Tukala biskuti ndani ya gari. Chakula cha mchana huko ni kati ya saa sita na saa nane, na baada ya hapo subira yako ni ya jioni.

Asiyeendesha gari anayo njia nyingine ya kuonja bara: reli ya upana wa mita moja, upana ule ule wa reli yetu ya zamani ya Mombasa, inayopanda kutoka Nice kuelekea Digne-les-Bains kupitia mabonde na mji wa ngome wa Entrevaux. Sehemu zake hufungwa kwa matengenezo, hivyo ulizia wapi treni imebadilishwa kwa basi.

Siku ya kuhamia Avignon pita Valensole, kisha milima ya Luberon, ambako Roussillon imejengwa juu ya udongo mwekundu na wa njano uliochimbwa kwa ajili ya rangi. Avignon ilikuwa makao ya Mapapa kuanzia mwaka 1309, na kasri lao bado linautawala mji. Tamasha kubwa la maigizo lililoanzishwa mwaka 1947 hufanyika hapo kila Julai; asiye na tikiti wala chumba mwezi huo alale kwingine. Kabla ya kurudisha gari, nenda Pont du Gard, daraja la mfereji wa maji lililojengwa na Warumi katika karne ya kwanza, lenye matao ya ghorofa tatu na urefu wa karibu mita 49 kwenda juu. Arles, yenye uwanja wa michezo wa Kirumi, ni mwendo mfupi kwa treni. Kusini yake kuna Camargue, tambarare ya delta yenye mashamba ya mpunga na makundi ya heroe, wale flamingo tunaowajua Nakuru na Bogoria. Msafiri wa Nairobi asihangaike kwenda mbali kwa ajili yao, ila farasi weupe wa huko hatawakuta kwingine kirahisi. Jihadhari na mistral, upepo mkavu wa kaskazini unaoshuka bonde la Rhône kwa nguvu na kupoza hata siku ya jua. Koti la Julai la Nairobi litakufaa.

Marseille iachie siku za mwisho. Mji huu ulianzishwa na Wagiriki yapata mwaka 600 kabla ya Kristo, na leo una mojawapo ya jamii kubwa za Wakomoro nje ya Komoro. Usishangae ukisikia sokoni Noailles maneno ambayo masikio yako yanayatambua, kwa maana Kikomoro ni ndugu wa Kiswahili. Chakula cha halali kinapatikana kirahisi hapa kuliko popote kwenye njia hii. Panda kanisa la Notre-Dame de la Garde kwa ajili ya mandhari, kisha tenga siku kwa hori nyembamba za bahari za Calanques, zilizobanwa na majabali meupe na kulindwa kama hifadhi ya taifa tangu 2012. Kuanzia Juni hadi Septemba njia za miguu hufungwa siku zenye hatari ya moto, na tangazo la kesho hutolewa jioni ya leo. Hori ya Sugiton hudai nafasi iwekwe mapema siku za msimu, bila malipo. Njia zikifungwa, mashua kutoka bandari ya zamani hukupitisha mbele ya majabali hayo hayo.

Soketi za huko ni za pini mbili za duara, kwa hiyo nunua adapta hapa Nairobi. Mafuta ya zeituni na asali ya lavenda viingie kwenye sanduku la kukabidhi, wala si mkoba wa mkononi, kwa kuwa chupa inayozidi mililita 100 huweza kubaki kwenye meza ya ukaguzi. Sabuni ya Marseille haina masharti hayo.