Namna ya kumsikiliza Shuggie Otis ukiwa Mwanjelwa

Mdogo wangu, Shuggie Otis ni mwanamuziki na mpiga gitaa wa Marekani; usianze na albamu yake nzima. Hapa saluni kwangu naanza na "Strawberry Letter 23" ya kundi la Brothers Johnson, ya 1977, iliyotayarishwa na prodyuza Quincy Jones. Wateja wanatikisa vichwa hadi nalazimika kusimamisha mashine ya kunyolea! Kisha weka ya mtunzi mwenyewe, Shuggie, ya 1971: gitaa limetulia, sauti haina haraka. Mimi naipenda hii zaidi.

Ndipo ufungue albamu yake, Inspiration Information ya 1974. Vyombo vingi kapiga mwenyewe. Haikuuza, kampuni yake ya muziki ikamwacha; ikatolewa upya 2001.

Tumia spika yenye besi safi, siyo simu. Piga asubuhi, baridi ya Mbeya ikiwa bado kali. Jioni watakuomba singeli tu.