Siku ngapi mpaka tarehe ile?

Wengi huzidisha miezi kwa 30, halafu wanashangaa tarehe ya kulipa imewawahi. Chukua 14 Machi hadi 9 Juni. Machi imebakiza siku 17 (31 toa 14), Aprili 30, Mei 31, Juni 9. Jumla 87.

Umesahau mwezi upi una 31? Kunja ngumi, uanze Januari: kifundo cha kidole ni 31, bonde ni mwezi mfupi. Julai inaangukia kifundo cha mwisho, Agosti unarudi cha kwanza. Februari unaijua mwenyewe. 2028 itakuwa na 29.

Panapokosewa hasa ni siku ya kwanza. Hesabu ya kutoa haiihesabu. Lakini dozi ya siku 7 ukianza Jumatatu asubuhi inaisha Jumapili, na kwa viza ya Schengen (ya nchi nyingi za Ulaya) siku ya kuingia na ya kutoka zote zinahesabiwa. Hapo 87 yetu ni 88.

Mwenye Excel aandike tarehe ya kuanza kwenye A1 na ya mwisho kwenye A2, kisha =A2-A1 kwenye seli nyingine. Ikikuletea tarehe ya mwaka 1900, usishtuke, badilisha seli iwe namba.