Umetoka kuumia unataka kurudi kwenye baiskeli? Hivi ndivyo unavyotafuta njia rahisi hapa Dodoma

Wengi wakishatolewa plasta swali la kwanza ni "niende wapi kusiko na milima", na kwa hapa Dodoma swali hilo linakupeleka pabaya, maana tambarare zetu nyingi ni mchanga, na mchanga kwa mtu ambaye bega au mkono haujakaza vizuri ni mbaya kuliko kilima kidogo chenye ardhi ngumu. Tairi la mbele likizama ghafla usukani unajikunja, mwili unaenda mbele, na mkono unawahi chini wenyewe bila hata kufikiria, mara nyingi ni ule ule uliovunjika. Kwa hiyo tafuta kwanza ardhi iliyoshika, habari za kilima zinafuata baadae.

Ila daktari au mtu wa fiziotherapia akuruhusu kwanza, hilo halina mjadala. Mtulinga, ule mfupa wa kati ya shingo na bega, kwa mtu mzima kwa kawaida unachukua wiki 6 mpaka 12 kuunga, na mfupa kuunga sio sawa na nguvu kurudi. Jipime nyumbani: piga pushapu za ukutani, minya breki kwa nguvu mara nyingi mfululizo, geuka uangalie nyuma kwa bega la kulia na la kushoto. Kama ni goti, shuka ngazi taratibu ukisikilizia. Kimojawapo kikiuma subiri, njia haihami.

Sasa njia rahisi ni ipi? IMBA, chama cha kimataifa cha waendesha baiskeli za milimani kilichoanza Marekani mwaka 1988, wana vipimo vyao, na njia ya duara la kijani, yaani ya wanaoanza, mwinuko wake wa wastani hauzidi asilimia 5 (mita 5 za kupanda kwenye kila mita 100), upana kuanzia inchi 36, na vikwazo usivyoweza kukwepa havizidi inchi 2 kwenda juu. Huku porini kwetu usitegemee kukuta kibao cha kijani, lakini kipimo chenyewe unaweza kukibeba kichwani ukakitumia popote.

Mimi ningekuanzishia kwenye barabara za viwanja vipya. Mji unapanuka, pembezoni huko Iyumbu, Nala na kuelekea Mtumba kuna barabara za vumbi zimechongwa na greda ila nyumba bado chache, pana, unaona mbali, na ukichoka unageuza tu. Kuwa makini na malori ya mchanga na kokoto basi. Ukishazoea hapo nenda kwenye njia za mashamba ya zabibu, Bihawana, Mpunguzi au Hombolo, ila ukimkuta mwenye shamba simama, salimia, omba kupita. Njia za ng'ombe ziache mwishoni, zinavutia kweli na nyingine zimeshindiliwa vizuri, tatizo zinaweza kukutumbukiza kwenye korongo bila taarifa.

Na hapa ndipo pa kuzingatia sana: soma alama za matairi chini. Tafuta alama za baiskeli za mizigo, wale wanaobeba mkaa na madumu ya maji, kwa sababu mtu mwenye magunia mawili nyuma hawezi kuchagua njia ya kumtesa. Alama ikiwa nyembamba na imenyooka, ardhi imeshika, pita. Ikianza kuwa pana na kuyumbayumba jua kuna mchanga unakuja, na ukiona pembeni yake kuna nyayo za mtu ina maana mwenyewe alishuka akasukuma, na wewe shuka hapo hapo, usijaribu kushindana naye. Kipande usichokijua kitembee kwa miguu kwanza. Ukikutana na mzee usiulize ni mbali kiasi gani, muulize hivi: "Shikamoo mzee, baiskeli yenye mzigo inapita hapa? Korongo lipo?" Majibu ya hayo mawili yanatosha.

Ramani za simu zinasaidia pia, hasa picha za setelaiti na ile yenye mistari ya mwinuko, mistari ikibanana ujue pamesimama. Mto unaoonekana mweupe kwenye picha ni mchanga mtupu. Njia ikionekana inavuka reli ya SGR usiiamini, kuna uzio, vuka pale tu palipojengwa kivuko. Ukikuta kibao cha jeshi, geuza.

Majira nayo yana kazi yake. Mvua zetu ni za msimu mmoja, kama Desemba mpaka Aprili, na wakati huo udongo mweusi wa mbuga unaganda kwenye tairi mpaka gurudumu linagoma kuzunguka. Mei na Juni ndio penyewe, ardhi imekauka lakini haijasagika kuwa vumbi. Kuanzia Agosti upepo unasumbua, na kwa sababu mara nyingi unatoka mashariki, anza kwa kuelekea mashariki asubuhi mapema ukiwa na nguvu, kurudi upepo unakusukuma.

Baiskeli yenyewe: shusha siti kidogo ili miguu ifike chini haraka, na tairi lisijazwe likawa gumu kama jiwe, punguza upepo kiasi lishike ardhi na lipunguze mtikisiko mkononi. Beba tyubu, pachi na pampu, mbigili hawana huruma hata kwenye njia nzuri. Ukibadilisha tyubu pitisha kitambaa ndani ya tairi lote kwanza, mwiba uliobaki utanasa, usipoutoa utatoboa na hiyo mpya. Helmeti hata kama unazunguka viwanja tu.

Mwanzoni chagua njia fupi karibu na barabara kubwa ambako bajaji au bodaboda inaweza kukufuata, uirudie hiyo hiyo mpaka uijue. Angalia asubuhi inayofuata: sehemu iliyoumia ikiwa imevimba au inauma kuliko jana, punguza. Ikiwa shwari mara kadhaa mfululizo, na unajikuta hushikilii tena usukani kwa kukakamaa, ongeza kitu kimoja tu, ama umbali ama mwinuko, mchanga uwe wa mwisho kabisa.