Somo: Kukokotoa umbali wa anga na muda wa safari ya ndege, Dar es Salaam hadi Mwanza

Abiria wa basi anayepita Morogoro, Dodoma, Singida na Shinyanga husafiri zaidi ya kilomita 1,100 kabla ya kuliona Ziwa Victoria. Takwimu hiyo haifai hata kidogo kukadiria muda wa ndege, kwa kuwa ndege haifuati barabara.

Hatua ya kwanza ni kupata majira ya nukta ya viwanja vyote viwili, yaani latitudo (nyuzi za kusini au kaskazini mwa ikweta) na longitudo (nyuzi za mashariki au magharibi). Kiwanja cha Julius Nyerere kipo nyuzi 6.88 kusini na 39.20 mashariki, na cha Mwanza kipo nyuzi 2.44 kusini na 32.93 mashariki.

Hatua ya pili, tafuta tofauti: latitudo 4.44, longitudo 6.27. Uzidishe kila tofauti kwa 111, kwa maana uzi mmoja wa latitudo ni takriban kilomita 111, na karibu na ikweta uzi wa longitudo haupungui sana hapo. Utapata kilomita 493 na 696.

Hatua ya tatu ni ile kanuni ya pembetatu mraba tuliyoisoma sekondari. Vipeo vya pili vya namba hizo vikijumlishwa vinakuwa 727,465, na kipeuo chake cha pili ni 853 hivi. Huo ndio umbali wa anga, pungufu ya ule wa barabara kwa zaidi ya kilomita 240.

Hatua ya nne, gawa kwa mwendokasi. Ndege ya jeti iendayo kilomita 800 kwa saa itatumia saa 1 na dakika 4. Ya mapangaboi, kwa kilomita 600, saa 1 na dakika 25. Kisha ongeza dakika 20 hadi 30 za ndege kutembea ardhini uwanjani, kupaa na kushuka, ambako ndege haiendi kwa kasi yake kamili. Wengi huisahau hatua hii, na kuisahau ndiko kunakoharibu zaidi makadirio ya safari fupi.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, mbona muda wa kwenye tiketi ni mrefu kuliko muda ambao ndege inakuwa angani?*

Ratiba huhesabiwa tangu ndege inapoondoka kwenye maegesho hadi inaposimama kwenye maegesho ya kule iendako. Angalia pia kwamba tiketi huandikwa kwa mtindo wa saa 24: 07:00 ni saa moja asubuhi, wala si saa saba, na 14:00 ni saa nane mchana.

*Je, naweza kutumia njia hii kwa Dar es Salaam hadi London?*

Hapana, jibu litapotoka mno. Mistari ya longitudo husogeleana kadiri unavyoelekea kwenye ncha ya dunia, hata kufikia London uzi mmoja una kilomita 69 tu. Kwa masafa marefu tumia kanuni ya duara kuu, inayozingatia umbo la dunia.

*Kwenda na kurudi huchukua muda uleule?*

Kwa Mwanza tofauti ni ndogo. Katika safari kati ya London na New York, upepo mkali wa juu uvumao kutoka magharibi huifanya safari ya kuelekea London kuwa fupi kwa takriban saa nzima.