Kuhudumia pawatila ya dizeli kabla ya msimu wa majaruba, bila kuumia

Pawatila nyingi, yaani trekta ndogo za kuongozwa kwa mikono, unazoziona zimekaa chini ya miembe huku Usangu, kwenye bonde la mpunga mkoani Mbeya, hazikuharibika kwa kitu kikubwa. Ni maji yaliyoingia kwenye dizeli, vumbi lililoila silinda, au matope yaliyopenya hadi kwenye giaboksi. Yote hayo yangezuilika kwa siku moja ya kazi ya utulivu mwezi wa kumi, kabla mvua hazijaanza na kila mtu hajaanza kugombea fundi. Nasisitiza utulivu kwa sababu nyingine pia: mafundi wanaoumia kwenye mashine hizi huumia zaidi kwenye kazi ndogo ndogo, mteja akiwa amesimama pembeni anahimiza. Mkanda unakazwa injini ikinguruma, mfuniko wa maji unafunguliwa mvuke ukiwa bado ndani. Ukiona mteja ana haraka kuliko usalama wako, mwambie arudi jioni.

Naeleza hapa aina iliyoenea tangu enzi za Kilimo Kwanza, mpango wa serikali wa kukuza kilimo, mwaka 2009: magurudumu mawili, injini ya dizeli ya silinda moja iliyolala, nguvu za farasi 12 hadi 15, inayopozwa kwa maji ya tenki lililo juu yake na kuwashwa kwa hendeli. Ndiyo inayolima majaruba, yaani mashamba ya mpunga yaliyozungushiwa tuta, ya Mbarali na Kilombero. Kama yako ni ndogo ya petroli, mengi ya hapa yanakuhusu, ila chomoa waya wa plagi kabla ya kugusa chochote na usiifungue tenki karibu na moto wa aina yoyote.

Vipimo ninavyotaja ni vya injini za kundi la S195, ambazo ni za aina hii niliyoieleza. Ukiwa na kitabu cha mashine yako, kifuate hicho.

Hatua ya 1: Zima, acha ipoe, zuia

Iegeshe pawatila mahali tambarare na pagumu. Siyo kwenye nyasi ndefu, maana nati ikidondoka umeipoteza. Weka gia huru, zima kwa kurudisha mkono wa mafuta hadi injini ikose dizeli na kusimama, kisha funga koki ya tenki. Weka mawe au vipande vya mbao mbele na nyuma ya kila tairi. Simamisha mguu wa mbele wa kuegeshea, na chini ya fremu ongeza gogo. Pawatila ina uzito wa kumvunja mtu mguu, na huo mguu wa kuegeshea umetengenezwa kwa ajili ya kuegesha tu, haukutengenezwa kubeba mashine inayovutwa na kusukumwa na fundi mwenye spana ndefu.

Ondoa hendeli na iweke mbali. Mtoto akikuta hendeli mahali pake ataizungusha, na flaiwili (gurudumu zito la injini) ikizunguka mkono wako ukiwa kwenye mikanda, huna vidole. Fukuza watoto, vua shati lenye mikono inayoning'inia, vua pete. Dada anayefanya kazi hii afunge mtandio kwa ndani. Kisha subiri. Kwa injini iliyotoka shambani, nusu saa ni kiwango cha chini.

Hatua ya 2: Maji ya kupozea

Usifungue mfuniko wa tenki la maji injini ikiwa ya moto. Mvuke unaotoka hapo unachuna ngozi ya uso. Ikishapoa, fungua koki ya chini, mwaga maji yote, na uangalie rangi yake. Yakitoka na tope, ujue dereva amekuwa akichota kwenye jaruba. Tope hilo linatuama kuzunguka silinda na joto halitoki, halafu watu wanasema injini ni mbovu. Suuza hadi maji yatoke meupe, funga koki, jaza maji safi ya bomba au ya mvua hadi kijiti chekundu cha boya kinyanyuke.

Hapo hapo mfundishe dereva jambo moja. Injini iliyokauka maji ikiwa inafanya kazi haimwagiwi maji baridi. Inazimwa, inaachwa ipoe yenyewe, ndipo inajazwa. Chuma cha moto kikipigwa na maji baridi kinapasuka, na silinda hedi, kifuniko cha silinda, ndiyo huwa ya kwanza.

Hatua ya 3: Oili na chujio la hewa

Oili hutoka vizuri ikiwa na uvuguvugu, kwa hiyo ukitaka, iwashe dakika chache kisha uzime na kusubiri kidogo. Vaa glavu. Kinga beseni, fungua nati ya chini, acha imalizike kabisa. Toa kichujio cha wavu, kioshe kwa dizeli safi, kiangalie: vipande vinavyong'aa vya chuma au shaba ni habari mbaya ya beringi, na huo ndio wakati wa kusimamisha kazi na kufungua injini, siyo katikati ya Januari.

Weka oili ya dizeli SAE 40 au 15W-40 hadi alama ya juu ya kijiti, usivuke. Injini mpya au iliyofanyiwa matengenezo makubwa ibadilishiwe baada ya saa 50 za mwanzo, kisha kila saa 100. Oili chafu usiimwage mferejini. Maji ya mifereji ya Usangu yanarudi Ruaha Mkuu, na kabla ya kufika huko yanapita kwenye mpunga wa jirani. Iweke kwenye dumu lenye alama.

Chujio la hewa linasahaulika kuliko vyote. Kama ni la kuogea oili, mwaga oili ya zamani, osha bakuli na wavu kwa dizeli, kausha, jaza oili mpya hadi kwenye mstari tu. Ukizidisha, injini itaivuta oili hiyo na kuichoma, na hilo ni hatari nitakayoieleza kwenye hatua ya 8. Kama ni la karatasi, likung'ute. Likiwa jeusi lote, nunua jipya. Kipande cha kanga badala ya chujio hakizuii vumbi la Septemba.

Hatua ya 4: Dizeli, na kutoa hewa

Dizeli ya kwenye madumu ya barabarani mara nyingi huwa na maji. Iache dumu itulie usiku kucha, mimina polepole kupitia kitambaa safi, na kile cha chini kabisa usikitumie. Mwaga uchafu wa chini ya tenki, osha filta au weka mpya.

Ukishagusa njia ya mafuta, hewa imeingia, na injini haitawaka hadi uitoe. Fungua koki ya tenki. Legeza skrubu ya kutolea hewa kwenye filta au kwenye pampu. Povu litatoka kwanza, kisha dizeli iliyochanganyika na mapovu, kisha dizeli tupu. Kaza hapo hapo inapotoka tupu. Sasa legeza kidogo nati ya bomba la chuma pale linapoingia kwenye nozo (kipulizio cha dizeli ndani ya silinda), peleka mkono wa mafuta kwenye wazi, inua mkono wa kupunguza mgandamizo ili injini izunguke kwa wepesi, zungusha hendeli polepole. Dizeli ikianza kuruka bila povu, kaza nati, zungusha tena, na sikiliza. Nozo nzima ina sauti kavu, ya mkato, kila mzunguko. Usipoisikia, bado kuna hewa au nozo imeziba. Fundi mzoefu anajua kwa sikio kama mashine itawaka kabla hajashusha ule mkono.

Ukiitoa nozo nje ili uone inavyopuliza, elekeza upande usio na mtu, na mkono wako usikaribie kabisa. Nozo ya injini hizi inafunguka kwa presha inayozidi mara mia moja ya presha ya hewa tunayovuta. Dizeli ya namna hiyo inapenya ngozi na kuingia ndani ya nyama, na jeraha linaonekana dogo kama la sindano, bila damu. Saa chache baadaye mkono umevimba, na mtu anaweza kukatwa kidole au mkono mzima. Ikimpata mtu, asisubiri aone kama itauma. Aende hospitali saa hiyo hiyo, na amwambie daktari waziwazi kuwa ni dizeli iliyoingia kwa presha, maana kidonda chenyewe hakitamwambia.

Hatua ya 5: Valvu

Injini iwe baridi kabisa. Fungua kofia ya hedi, zungusha flaiwili kwa mkono hadi alama yake ikutane na alama ya kwenye tenki la maji. Shika roka zote mbili, yaani mikono inayosukuma valvu, uzitikise. Zikicheza zote, uko mahali sahihi. Moja ikiwa imebana, zungusha tena mzunguko mmoja kamili.

Pitisha fila geji (bapa jembamba la kupimia nafasi) kati ya roka na valvu: valvu ya kuingiza hewa milimita 0.35, ya eksozi 0.45. Geji ipite kwa ugumu kidogo. Legeza nati, rekebisha skrubu, kaza nati huku umeishikilia skrubu, kisha pima tena, kwa sababu kukaza huwa kunabadilisha kipimo. Nafasi ikiwa finyu, valvu haifungi na mgandamizo unapotea. Ikiwa kubwa, utasikia kelele ya kugonga na nguvu zinapungua.

Hatua ya 6: Mikanda na klachi

Toa kinga ya mikanda, na uiweke mahali utakapoiona, kwa sababu lazima irudi. Nimeona pawatila nyingi zinazofanya kazi bila kinga hiyo, na wenyewe wanasema inachelewesha matengenezo. Ina bolti chache tu.

Bonyeza mkanda katikati kwa mkono: ushuke kama sentimita 2 hadi 3. Ukilegea zaidi unateleza na kuungua. Ukikazwa mno unaua beringi ya klachi. Kaza kwa kulegeza bolti za injini na kuisogeza mbele, ukihakikisha puli mbili ziko kwenye mstari mmoja. Mkanda mmoja ukikatika, badilisha yote kwa pamoja, kwa sababu mkanda mpya kati ya iliyovutika utabeba mzigo peke yake. Ukiupitisha mkanda kwenye puli, usukume kwa kiganja kilicho wazi. Usiukumbatie kwa vidole huku mwenzako anazungusha flaiwili.

Hatua ya 7: Giaboksi na rotaveta

Fungua nati ya giaboksi uangalie oili. Ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji ya jaruba yameingia, na mlango wake ni oili sili za ekseli, raba zinazozuia oili isitoke na maji yasiingie. Kubadilisha oili bila kubadilisha sili ni kutupa hela.

Visu vya rotaveta, kifaa cha nyuma kinachozunguka na kulima, ni vya kushoto na kulia. Vipange kama vilivyokuwa na kaza kila nati. Nyasi, nyaya na mifuko iliyojisokota hutolewa injini ikiwa imezimwa, siyo ikiwa kwenye gia huru. Mashine nyingi zina kizuizi kinachozuia kuingiza gia ya kurudi nyuma visu vikizunguka. Wako mafundi wanaokitoa kwa ombi la dereva. Usikitoe. Pawatila ikirudi nyuma, dereva ndiye aliye nyuma, na visu viko mbele ya miguu yake.

Hatua ya 8: Kuwasha, na injini ikikataa kuzima

Gia huru, klachi imekatwa, watu mbali. Shika hendeli na dole gumba likiwa upande mmoja na vidole vingine, usilizungushie, ili ikirudi kwa nguvu isikuvunje kifundo cha mkono. Mkono wa kupunguza mgandamizo ukiwa juu, zungusha kwa kasi, ushushe, endelea kuishika hendeli hadi ijichomoe yenyewe. Usiiachie njiani.

Moshi mweusi: chujio limeziba, nozo mbovu au mzigo umezidi. Wa bluu: inachoma oili. Mweupe usioisha hata injini ikipata moto: maji, au dizeli isiyoungua.

Ikitokea kasi inapanda yenyewe na mkono wa mafuta hauitulizi, usikimbilie koki ya tenki, kwa sababu mafuta ya kwenye bomba yanatosha kuifanya ipasuke. Simama pembeni, siyo usawa wa flaiwili. Ziba mdomo wa hewa kwa ubao au gunia lililokunjwa mara nyingi, kamwe siyo kiganja. Mwenzako alegeze nati ya bomba la chuma kwenye pampu, uso ukiwa mbali. Kama inachoma oili yake yenyewe, kuziba hewa ndiko kutakakoisimamisha.

Hatua ya 9: Jaribio barabarani

Jaribu klachi za kukata kona, zile za kwenye mikono ya usukani zinazoachia tairi la upande mmoja, kila mkono ukate na kurudi bila kung'ang'ania. Mkumbushe dereva kuwa kwenye mteremko klachi hizo hufanya kinyume: ukibana ya kushoto, mashine inaelekea kulia, kwa sababu tairi iliyoachiwa ndiyo inayokimbia. Mteremkoni ashuke kwa gia ndogo, asibane klachi hizo, ageuze kwa kusukuma mikono ya usukani. Akiwa na tela, breki ya tela ipimwe ikiwa na mzigo, siyo tupu.

Baada ya saa ya kwanza shambani, azime, aiache ipoe, kisha akaze tena bolti za injini, nati za magurudumu na za visu, na apime mikanda upya. Mikanda mipya hulegea siku hiyo hiyo.