Umegunduliwa ugonjwa na bima ya safari umeshalipia: mambo ya kuzingatia kabla ya kufika uwanja wa ndege wa Entebbe

Tuseme bima ya safari ulilipia mwezi wa tatu, viza ya Ulaya ikatoka, kisha mwezi wa nne daktari wa Kampala akakupima na kukuambia una kisukari. Wengi hapo hunyamaza, wakisema fomu waliijaza kwa ukweli. Ni kweli waliijaza hivyo. Ila mikataba mingi humtaka msafiri aeleze mabadiliko ya afya yake hadi siku ya kuondoka, kwa hiyo tafuta kipengele hicho ukisome leo.

Usijiamulie kwamba ugonjwa ni mdogo. Presha inayotulizwa na kidonge kimoja kwa siku utaiona ya kawaida, lakini ukilazwa ugenini kwa kiharusi, kampuni inaweza kuomba faili lako la hospitali ya nyumbani, na tarehe ya kugunduliwa itakutwa humo. Madai yakikataliwa, ndugu ndio wanaobaki wakichangishana kulipa bili ya dola. Inauma sana, kwa sababu barua moja mapema ingeweza kuwaepusha.

Muombe daktari aandike jina la ugonjwa, ulipogunduliwa, dawa na dozi, kama ulilazwa, na kama unafaa kusafiri. Mwenye presha na kisukari aeleze vyote viwili. Taja pia vipimo ambavyo majibu yake bado hayajatoka.

Kuipigia kampuni simu ni vizuri, ila ifuatishe barua pepe na udai jibu la maandishi. Angalia zaidi kama umekatiwa bima na wakala wa hija au wa kazi za Ghuba. Anayeshughulikia watu wengi kwa mpigo anaweza kuandika “hapana” kwenye maswali yote ya afya, na sahihi iliyo chini ni yako. Omba nakala ya fomu. Kama unaona haya kutaja ugonjwa mbele ya wateja wengine, omba kuzungumza na mhusika faraghani.

Kampuni inaweza kukubali bila nyongeza, kupandisha ada, kuuondoa ugonjwa huo kwenye bima, au kukataa kabisa. Ugonjwa ukiondolewa, mguu uliovunjika bado unaweza kulipiwa, lakini si sukari iliyopanda. Viza ya Schengen, yaani ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, hudai bima isiyopungua euro 30,000. Kiasi hicho hakimaanishi kwamba ugonjwa unaojulikana umo. Uliza kampuni nyingine inatoza ngapi kuujumuisha, na kama utarudishiwa pesa ukivunja mkataba wa kwanza. Usiuvunje kabla ya kupata mwingine.

Insulini iwe kwenye mkoba wa mkononi pamoja na barua ya daktari, kwani kwenye shehena inaweza kuganda.

Ukiona umeonewa, anza kulalamika kwa kampuni yenyewe, kwa maandishi. Wasipokusikiliza, peleka barua hizo zote kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Bima ya Uganda, ambayo ina kitengo cha malalamiko.